Samaki wangu walikufa usiku niliowabadilishia maji: tuzungumze KH, GH na pH ya tangi la nyumbani

#1 KomeTupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu. Kila nikianza kuuandika nakumbuka lile tangi lilivyokuwa alfajiri ile, naacha. Leo naumaliza, maana kila wiki naona swali lilelile: "pH yangu ni 7.8, naishushaje?" Na majibu ni yaleyale: weka limau, weka majani ya mkungu, nunua dawa ya chupa. Hakuna anayemuuliza mwenzake KH yake ni ngapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Naishi Tabata. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilikuwa na tangi la lita 200, ndani samaki aina ya malaika 6, gapi zaidi ya 20 na moli wachache. Maji ya bomba yalikuwa ya mgao na kisima cha jirani kina chumvi, kwa hiyo masika yalipoingia nikaanza kukinga maji ya mvua kutoka paani. Niliona nimepata dawa: hayana klorini, hayana chumvi, bure. Miezi mitatu nikawa najazia na kubadilishia hayohayo. Kidogo kidogo samaki wakawa wazito kula, wanabana mapezi, wengine wanajikuna kwenye mawe. Nikasema maji yamechoka. Nikaleta madumu ya maji mazuri ya kisima kutoka kwa ndugu yangu, nikayaacha yatulie, na jioni moja nikabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na kitu kinagonga kioo. Malaika wawili walikuwa juu kabisa wanahema, matamvua mekundu kama damu. Kulipokucha nilitoa samaki 19 kwa mkono wangu. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu anahesabu.

Niliamini maji ya kisima yalikuwa na sumu. Hayakuwa nayo. Nilikuja kuelewa baada ya kununua vichupa vya kupimia, na baada ya kusoma sana. Nitaeleza kuanzia chini kabisa, mnivumilie.

Chukua glasi mbili. Moja tia maji ya mvua. Nyingine tia maji ya mvua uliyokorogea magadi kidogo, haya haya ya kulainishia maharage. Sasa kamulia limau tone kwa tone kwenye zote mbili. Ile ya maji matupu inachachuka kwa tone la kwanza. Ile ya magadi inatoa mapovu, unaonja, haijachachuka. Unaongeza tone, mapovu, bado. Unaendelea hivyo mpaka magadi yanaisha, halafu tone moja tu linalofuata linaigeuza glasi nzima kuwa chachu.

pH ni uchachu wa maji kwa sasa hivi. KH ni magadi yaliyobaki kwenye glasi. Ndiyo maana mtu anaweza kupima pH kila siku, akaona 7.4, 7.4, 7.3, akalala usingizi, halafu wiki inayofuata akakuta 5.9. Magadi yalikuwa yanaliwa muda wote huo, yeye anaangalia uchachu tu.

Kwa lugha ya kitabu, KH ni kiasi cha bikaboneti na kaboneti ndani ya maji. Herufi zenyewe ni za Kijerumani, ndiyo maana hazifanani na chochote tunachokijua. Inapimwa kwa nyuzi, na nyuzi 1 ni sawa na miligramu 17.8 kwa lita ukipiga hesabu kwa kalisi kaboneti. GH ni kitu kingine. Hiyo ni kalisi na magnesi, yaani ule ugumu unaoufahamu bafuni: sabuni inakataa kutoa povu, inaacha utandu mweupe kwenye beseni. GH inahusu mwili wa samaki, namna anavyosawazisha chumvi zake, mayai yake, mifupa yake. KH inahusu uthabiti wa pH. Mara nyingi viwili hivi vinatembea pamoja kwa sababu vinatoka kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana watu wanavichanganya. Lakini si kitu kimoja.

Sasa, nani anatia limau kwenye tangi lako? Ni bakteria wa filta. Samaki anakula, anatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na katika kazi hiyo wanazalisha tindikali. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula alikali (ndiyo hiyohiyo KH, ikihesabiwa kwa kalisi kaboneti) ya miligramu 7.14. Tupige hesabu. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 ina naitrojeni kama miligramu 64. Tuseme nusu tu ndiyo inatoka kama amonia. Miligramu 32 mara 7.14 ni 228. Kwenye tangi la lita 100 hiyo ni kama nyuzi 0.13 za KH kwa siku. Ukianza na KH 3, ukawa unalisha gramu 1 kila siku na hubadilishi maji, au unabadilisha kwa maji ya mvua yasiyo na kitu, siku ya 23 hivi umemaliza. Mimi nilikuwa nalisha zaidi ya hapo.

KH ikifika sifuri, pH inaporomoka. Ikishuka chini ya 6, bakteria wenyewe wanakaribia kusimama kazi, na amonia inaanza kujilimbikiza. Hapa ndipo penye mtego ulioniua. Kwenye maji machachu amonia karibu yote inakaa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru samaki sana. Ile yenye sumu kali kwenye pH 6 ni kama asilimia 0.06 tu. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 5 na ushee. Karibu mara mia! Kwa hiyo samaki wangu walikuwa wamekaa wiki nyingi ndani ya amonia iliyolala. Mimi nikaja na maji ya kisima yenye KH nzuri, nikaiamsha yote kwa usiku mmoja. Nilipunguza amonia nusu, nikazidisha ukali wake mara hamsini.

Nasema kwa uchungu: wangekuwa hai kama ningejua kitu kimoja tu, KH.

Vifaa vya kupimia si vya ajabu. Kichupa cha matone cha KH unatia maji mililita 5, unahesabu matone mpaka rangi igeuke kutoka buluu kwenda njano, kila tone ni nyuzi 1. Ukikosa duka la samaki, nenda duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea, ulizia karatasi za kupimia alikali. Namba utakayoipata ni miligramu kwa lita, igawanye kwa 17.8.

Nitaendelea na habari ya kupandisha na kushusha. Kwa sasa ulizeni.


#2 MtotoWaMeru

Mkuu pole sana, hasa hapo kwa mtoto. Mimi niko Arusha na umenichanganya kidogo. Birika langu halifanyi ukoko mkubwa, sabuni inatoa povu hadi inakera kuisuuza. Kwa hiyo maji yangu ni laini, sivyo? Lakini karatasi ya pH inasoma 8.4 kila siku, na nimejaribu majani ya mkungu niliyoletewa kutoka Tanga, hata haikutikisika. Aliyeniuzia tangi alisema "maji yako magumu". Nani mkweli?


#3 KomeTupu

Mkuu, wote wawili mna kipande cha ukweli, na swali lako ndilo linaloonyesha kwa nini tusichanganye GH na KH.

Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye mawe ya volkano. Yanabeba bikaboneti nyingi, lakini mwenzi wake ni sodiamu, si kalisi. Ndiyo hayohayo yenye floridi nyingi, ile inayoacha meno ya watu rangi ya kahawia. Ukoko wa birika unahitaji kalisi ikutane na bikaboneti kwenye moto. Wewe bikaboneti unayo, kalisi ni kidogo, kwa hiyo birika jeupe halitokei. Sabuni inagombana na kalisi na magnesi tu, kwa hiyo povu unalipata. GH yako iko chini na KH iko juu. Ni kama maji ya mvua yaliyokorogewa magadi, na kwa kweli magadi ya Ziwa Natron yanatokana na mawe ya volkano ya bonde hilohilo.

Majani ya mkungu ni kamulio jepesi sana la limau. Kwenye KH 1 au 2 yanafanya kazi, kwenye KH 10 utaleta gunia zima na maji yatakuwa rangi ya chai tu. Usipambane na hiyo pH. Pima KH na GH, utuletee namba, halafu tuchague samaki wanaofaa.


#4 BabaGapi

Mimi nafuga mwaka wa nane sasa, Morogoro. Sijawahi kumiliki hata kichupa kimoja cha kupimia. Kila Jumamosi natoa ndoo mbili naweka ndoo mbili, gapi wanazaana mpaka nagawa bure. Nadhani haya mambo ya namba yanawatisha vijana wanaoanza.


#5 KomeTupu

Mzee wangu, heshima. Miaka minane ya gapi wenye afya si jambo la kubahatisha na siwezi kukusahihisha kwa hilo. Ila naomba uone ulichokuwa unafanya. Zile ndoo mbili za kila Jumamosi zinarudisha ile KH ambayo bakteria waliila wiki nzima, na maji yako yana akiba ya kutosha. Nami ningekuwa na ndoo zako mbili, kisa changu kisingetokea. Shida inampata anayefuata ratiba yako vizuri kabisa, kisha siku moja anabadilisha chanzo cha maji. Anahama nyumba, au masika yanaingia anaanza kukinga. Hapo ratiba ni ileile na matokeo ni mengine.


#6 MwambaoKigoma

Naomba nichangie kidogo, nimekua kwenye maji haya. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa na mgebuka, mimi natunza samaki wadogo wa miambani kwenye matangi, na huku nachota maji ziwani moja kwa moja.

Alichosema mkuu kuhusu GH na KH kutengana, Tanganyika ndiyo mfano mkubwa. Maji ya ziwa hili yana KH kama nyuzi 18 lakini GH kama 11 tu. KH imeizidi GH! Mtu aliyesoma kwamba KH ni sehemu ya GH atadhani umekosea kupima. Sababu ni kwamba bikaboneti nyingine imeshikamana na sodiamu na potasiamu. Na ndani ya hiyo GH, kalisi ni kidogo, magnesi inaizidi zaidi ya mara tatu kwa uzito. Chumvi hizi nyingi zinaingia na mto Ruzizi kutoka Kivu, kwenye nchi ya volkano. Mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, na maji mengi kuliko yanayotoka huko yanaondoka juu kwa jua. Maji yanakwenda, chumvi inabaki. Imekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka.

Jambo la pili, ambalo watu wa pwani mnakosea. Nimeona kwenye makundi mtu anaweka makombe na vipande vya matumbawe kwenye tangi la samaki wa Tanganyika, anasema "nimepata maji ya ziwa". Hujayapata. Kombe ni kalisi kaboneti. Linayeyuka kwenye maji machachu, maji yakifika pH 8 na kidogo linaacha kuyeyuka. Kwenye maji yanayopigwa hewa vizuri kombe peke yake litakufikisha KH 3, labda 4 au 5 kama tangi lina samaki wengi, na litaishia hapo. Ushahidi uko chini ya ziwa lenyewe. Kuna maeneo makubwa yamejaa makombe matupu ya konokono, yamelala tangu enzi hayajayeyuka, kwa sababu maji yameshiba kaboneti. Na humo ndani ndimo wanamoishi wale samaki wadogo kabisa, sentimita 3 au 4, kila mmoja na kombe lake, akiona kivuli anaingia. Nikiwa mtoto nilikuwa nazamia kuwatazama mpaka pumzi inaniishia.


#7 KomeTupu

Mkuu wa Kigoma, umenisahihisha. Kwenye rasimu yangu ya sehemu ya pili nilikuwa nimeandika makombe kama njia ya kufika KH 10. Naifuta. (Na jina langu humu nimelitoa kwa samaki haohao wa makombe, wewe ndiye umewaona kwao.)

Makombe yana kazi yake, ila ni ya ulinzi. Mfuko wa mikono miwili ya makombe yaliyopondwa ndani ya filta unazuia KH isifike sifuri, kwa sababu maji yakianza kuchachuka yenyewe yanayeyusha kombe. Kwa mtu wa maji ya mvua hiyo ni bima. Tumieni maganda ya kome na chaza yaliyotoka jikoni, chemsha, piga brashi. Matumbawe ya baharini yaacheni palepale yalipo, yana samaki wake.

Sasa sehemu niliyoahidi, na hii inaelezea pia kwa nini ziwa lina pH 9. Kuna vitu viwili tu vinavyopanga pH ya tangi la kawaida: KH, na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji. Kanuni wanayoitumia wafugaji wa mimea ya majini ni hii: kaboni dayoksaidi, kwa miligramu kwa lita, ni 3 mara KH mara 10 ya kipeo (7 toa pH). Igeuze. Maji yakiachwa wazi yakapigwa hewa kutwa nzima yanabakiwa na kaboni dayoksaidi kama miligramu 0.6 tu. Ukiwa na KH 1, pH inatulia 7.7. KH 4, inatulia 8.3. Weka KH 18 ya mkuu wa Kigoma: 54 gawa kwa 0.6 ni 90, pH inatua 8.95. Na kweli wanaopima Tanganyika wanapata karibu na 9. Nilipoikokotoa mara ya kwanza nilishtuka kwa furaha, saa sita usiku, nikamwamsha mke wangu nimwonyeshe.

Na Ziwa Victoria? KH yake ni kama 2 hadi 3 tu, akiba ndogo. Mchana mwani ukifyonza kaboni dayoksaidi pH inapanda sana, usiku inashuka. Nyasa iko katikati, KH kama 6 au 7. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "samaki wa maziwa ya Afrika wote wanataka maji magumu", mwambie asubiri kidogo.

Kanuni hiyohiyo inajibu swali la maji ya kisima. Yakitoka chini ya ardhi yamebeba kaboni dayoksaidi nyingi. Unapima kwenye ndoo hapohapo, unapata 6.8, unafurahi. Kesho yake baada ya pampu ya hewa unapata 8.1. Maji hayajabadilika tabia, gesi imetoka tu. Pima baada ya saa 24 za hewa, hiyo ndiyo pH yako ya kweli. Na kwa wenye mimea mingi, pimeni saa ileile kila mara, maana pH ya alfajiri na ya jioni kwenye tangi moja zinaweza kupishana vizuri tu, na hakuna ubaya.

Kupandisha KH: bikaboneti ya soda, ile ya kopo la kuokea mikate, iwe yenyewe tupu, siyo poda ya keki iliyochanganywa na unga. Gramu 3 kwa lita 100 zinapandisha nyuzi 1. Magadi ya sokoni sishauri. Yana kaboneti inayorusha pH ghafla, yana udongo, na mengine yana floridi. Kupandisha GH kwa mtindo wa Tanganyika: chumvi ya Epsom (magnesi salfeti) ya duka la dawa, gramu 4.4 kwa lita 100 kwa nyuzi 1. Mfano wa tangi langu la sasa: maji yangu ya bomba nayapima KH 4 na GH 5. Nataka KH 13 na GH 10. Kwa lita 100 naweka bikaboneti gramu 27 na Epsom gramu 22. Nayakoroga kwenye pipa siku moja kabla, ndipo yanakwenda kwenye tangi. Sijawahi kumwaga unga juu ya samaki.

Kushusha KH ni jambo moja tu: changanya na maji yasiyo na kitu, ya mvua au yaliyochujwa. Maji ya KH 8 nusu kwa nusu na ya mvua yanakupa KH 4. Dawa za chupa za kushusha pH zinakula KH yako kwa tindikali. Leo inashuka, kesho inarudi kwa sababu akiba bado ipo, unaongeza, inarudi, mpaka siku akiba inaisha na kila kitu kinaanguka pamoja. Samaki anaumia zaidi na kule kupanda na kushuka kuliko na 7.8 iliyotulia.

Kitu kidogo nilichosahau: maji yanayokauka. Kwenye joto la Dar tangi lisilo na kifuniko linapungua kila siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki, kama alivyosema mkuu kuhusu ziwa. Ukijazia kwa maji magumu kila mara, GH inapanda mwezi kwa mwezi. Kujazia kilichokauka, tumia maji laini. Kubadilisha, tumia maji yenye namba za tangi lako. Ni kazi mbili tofauti.


#8 BintiMaskati

Asalaam aleikum. Huku Maskati maji ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Kaka, kwa hiyo mimi niko upande wa maji ya mvua?


#9 KomeTupu

Waaleikum salaam dada. Upande huohuo, ila si sawasawa. Wanaosafisha maji ya bahari kwa kawaida huyarudishia madini kiasi kabla ya kuyaingiza kwenye mabomba, yasile mabomba yenyewe. Kwa hiyo unaweza kukuta KH 2, 3, hata 4. Pima mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima uone kama inatulia. Na weka ule mfuko wa makombe kwenye filta.


#10 FundiVioo

Wakuu naomba msaada wa haraka, nimesoma uzi huu huku mikono inatetemeka. Nimetoka kupima sasa hivi. Tangi lita 120, nimekuwa najazia maji ya mvua tangu masika. pH 6.0, KH tone la kwanza tu limegeuka njano, yaani hakuna. Amonia inasoma 4. Samaki wapo hai, wamebana mapezi. Nina madumu matatu ya maji ya kisima tayari hapa pembeni. Nifanyeje?


#11 KomeTupu

Mkuu, madumu hayo yasiguse tangi usiku huu. Nakusihi.

Kwanza, usilishe leo, kesho na keshokutwa. Samaki wakubwa hawafi njaa kwa siku tatu. Pampu ya hewa iwake muda wote.

Pili, punguza amonia bila kuamsha sumu yake. Maji unayoyahitaji sasa ni yaleyale ya mvua, kwa sababu yana uchachu uleule na hayana KH. Toa robo ya tangi, rudisha maji ya mvua taratibu. Rudia kesho asubuhi na kesho jioni. Robo mara tatu itakufikisha kutoka 4 hadi karibu 1.7. Endelea mpaka isome chini ya 0.5.

Tatu, hapo ndipo KH inaanza kurudi. Bikaboneti gramu 2 kwa lita 120 zako, iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi, mimina kwa awamu siku nzima. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Siku inayofuata hivyo hivyo. pH itapanda hata kwa kiasi hicho kidogo, kwa hiyo pima amonia kila siku kabla ya kuongeza. Ikipanda, simama, rudia hatua ya pili.

Filta usiioshe. Bakteria hawajafa wote, wamezimia. Ukipata mkono wa sifongo kutoka filta ya rafiki mwenye tangi lenye afya, uweke ndani.


#12 MwambaoKigoma

Nakubaliana na mkuu kwa kila hatua. Ongezea moja: funika tangi gizani kidogo, punguza kelele. Samaki aliyechoka akishtuka anatumia hewa ambayo hana.


#13 FundiVioo

Narudi na taarifa, leo ni siku ya kumi na moja. Niliwapoteza gapi wawili siku ya pili, wengine 14 wapo. Amonia ilifika 0.25 siku ya tano, nikaanza bikaboneti siku hiyohiyo. Leo asubuhi: KH 3, pH 7.4, amonia haionekani. Nimewalisha jana kwa mara ya kwanza, kidogo sana, wakaja juu wote. Sifongo nilikipata kwa jirani wa mtaa wa pili. Yale madumu matatu ya kisima bado yamekaa mlangoni, mke wangu anauliza nayaweka ya nini.


#14 KomeTupu

Mkuu, nimeisoma hii mara tatu. Nimemwita mwanangu naye akaisoma.

Madumu sasa yana kazi. Pigia hewa dumu moja kwa saa 24, pima KH yake. Ikiwa 8 au zaidi, changanya moja la kisima na moja la mvua, na badilisha asilimia 10 tu kila siku tatu mpaka tangi lifike KH 4 au 5. Ukifika hapo baki hapo, ndoo mbili kila Jumamosi kama mzee BabaGapi.


#15 MtotoWaMeru

Namba zangu hizi hapa, vichupa vimefika: KH 11, GH 3, pH baada ya kupigwa hewa 8.7. Nilikuwa nimeshaagiza neoni, wale samaki wa maji laini, kutoka dukani. Nimeghairi. Mkuu wa Kigoma, naomba unieleze wale wadogo wa makombe wanapatikanaje kwa wanaozalisha nyumbani, na Epsom niweke kiasi gani kwa lita 90.


#16 MwambaoKigoma

GH ya kwao ni 11, wewe una 3, lakini hujahitaji kufika huko. Panda hadi 8: nyuzi 5 mara gramu 4.4 kwa lita 100, kwa lita 90 zako ni gramu 20. Bikaboneti usiongeze hata chembe, maji yako ya mlimani tayari yamefanya kazi hiyo. Kuhusu samaki, nina vifaranga 30 wa miezi minne. Andaa mchanga laini wa sentimita 5, na makombe matupu mawili kwa kila samaki. Mchanga ukiwa mchache watakasirika, wanapenda kulizika kombe lao wenyewe.